Mjerumani Hachimbi Viazi

12 Januari

Bahari imekula banda la kuku. Kuku wenyewe wamesalimika. Asubuhi niliwakuta wamejipanga juu ya ukuta wa bustani, wananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyetoa amri. Shangazi Tránsito, ambaye ana miaka themanini na mitatu na hajapata kuogopa kitu, alichungulia genge la bahari kutoka dirishani akasema, "Angalau tumepumzika kufagia kinyesi." Kisha akaomba chai.

Genge limeufikia karibu kabisa ukuta wa jikoni. Nyumba hii aliijenga babu yangu, yote ya mbao kuanzia sakafu mpaka vigae, na shangazi alizaliwa katika chumba anacholala hadi leo. Mwaka jana nilimwambia tuhamie mjini Castro, kwenye fleti niliyokuwa nikikaa siku zile nikifundisha. Akanijibu kwamba fleti ni mahali pa kufugia njiwa. Kwa hiyo hakuna ujanja, nyumba lazima ihame pamoja naye. Inabidi ivutwe na maksai mpaka kwenye kiwanja changu cha juu, karibu na kwa jirani yangu Rudecinda, kabla mvua za Aprili hazijailainisha ardhi. Mvua zikitutangulia tutaondoka na genge, na shangazi atakuwa wa kwanza, maana amekwisha kuapa kwamba hatoki ndani.

Kuvuta nyumba ni kazi ya minga, ndio msaragambo wetu wa kisiwani. Halipwi mtu. Unakwenda kuomba, watu wanakuja, unawalisha. Nitakwenda kuomba mwezi ujao nikishamaliza sura ya kumi na moja.

15 Januari

Mvua. Nimeandika nusu ukurasa, nimefuta nusu ukurasa.

19 Januari

Loreto, mhariri wangu, amepiga simu kutoka Santiago. Amesoma sura nilizompelekea.

"Edelmira, mpenzi, Benilde wako ni kabati. Kabati zuri, mbao ngumu, milango inafunga sawasawa. Lakini ndani hamna hata nguo moja."

Nimeumia. Benilde ndiye mwanamke wa riwaya yangu. Kila asubuhi, miaka ishirini, anakwenda kumwogesha na kumlisha jirani yake Custodia, aliyepooza, na wala hampendi. Anakwenda kwa sababu ni wajibu, basi. Nilimtoa kwa yule mwanafalsafa Mjerumani ambaye mawazo yake niliyafundisha darasani maisha yangu yote ya ualimu, anayesema kuwa thamani ya tendo huonekana pale mtu anapolitenda kwa sababu ni wajibu wake, hata kama moyo haumtumi. Nampenda Benilde kwa ugumu wake. Sijui ni nani mwingine aliyepata kumwandika mwanamke wa kisiwa hiki akiwa na mgongo ulionyooka namna ile.

Loreto ananijua vizuri, ndiyo maana anauma. Riwaya yangu ya kwanza ilitoka kwa Mwingereza mmoja, aliyeona kwamba binadamu wakiachwa wenyewe watararuana, na kweli wahusika wangu waliraruana mpaka ukurasa wa mwisho. Ya pili ilitoka kwa Mholanzi aliyeamini kwamba Mungu na nyasi na mawe ni kitu kimoja. Mhakiki mmoja akaandika kuwa riwaya ile haina kisa, ina hali ya hewa tu.

"Wewe huandiki riwaya," Loreto aliniambia leo. "Unawajengea wazee wa Ulaya nyumba za kufikia."

Nikamwambia bora wapangaji wenye akili kuliko nyumba tupu. Akacheka, nami nikakata simu nikijiona mshindi. Lakini mpaka jioni lile kabati lilikuwa limenikaa kooni.

23 Januari

Rudecinda amekuja, kasimama mlangoni na mabuti yake yenye tope ili asinichafulie sakafu.

"Kesho nachimba viazi vya mwanzo, mwalimu. Uje."

"Niko katikati ya sura ya kumi na moja."

"Mchukue na huyo Benilde wako, tutampa jembe."

"Nitaona, jirani."

Nimemwonea wivu kidogo kwa jinsi anavyoweza kusema neno moja na kuondoka.

24 Januari

Nimempata kibarua kutoka mjini, mtu ana kifua kama mlango, nikamtuma kwa Rudecinda badala yangu. Nimeandika kurasa nne nzuri. Wajibu umetimizwa na sura imesogea. Mjerumani angenipa mkono.

25 Januari

Kwa kawaida yetu, aliyekuja kuchimba hurudi kwake na fungu la viazi. Rudecinda hajaniletea kitu. Nadhani fungu kalichukua kibarua. Sawa tu, kalitolea jasho.

2 Februari

Sikukuu ya Candelaria. Nimekula kupita kiasi, nimesali kidogo.

6 Februari

Mkono mtupu haulambwi. Nimebeba madumu ya pombe ya tufaha nikaenda kuomba minga. Nimeanzia kwa mzee Baldomero Nahuelquín, kwa sababu bila yeye hakuna nyumba inayosogea hapa Pilhue. Yeye ndiye anayewapanga maksai, yeye ndiye anayewapigia watu kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaonja pombe, akaikubali.

"Nyumba ya marehemu babu yako. Vigae vyake nimepanga upya mimi, nikiwa bado nina nywele. Usiwe na shaka, mwalimu. Nitatuma mtu."

Nikaenda kwa ndugu wawili wa ukoo wa Barría. "Usijali, mwalimu, tutatuma mtu." Kwa mjane Clementina vilevile: "Nitatuma mtu, mwalimu." Kila nyumba jibu moja, na kila mmoja ananitazama kwa tabasamu. Nimepita nyumba zote isipokuwa ya Ermelindo kule bondeni, ambaye haombwi kitu na mtu yeyote, maana ni mchoyo na ana mdomo wa shubiri. Nimerudi madumu yakiwa matupu na roho nyeupe. Nikamsimulia shangazi. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Watamtuma nani?"

"Mtu, shangazi."

"Mtu gani, mwanangu? Watu wa hapa ndio hao hao uliowaomba. Hakuna wengine."

Nimedhani ni uzee.

7 Februari

Nimeelewa leo asubuhi nikipiga mswaki, dawa ya meno nusura inipalie. Watu wazima wenye wajukuu wamekaa wakapatana jibu moja la kunipa!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Rudecinda. Alikuwa anakuna viazi.

"Mmenicheka."

"Sana," akasema bila kuinua kichwa. "Mzee Baldomero ulipompa mgongo alikimbilia zizini akajichekea huko."

"Nilituma mtu hodari. Amechimba kuliko ambavyo ningechimba mimi."

"Nani kabisha? Mikono nilipata. Lakini nilipomwambia habari za goti langu akaniuliza chakula kinaiva saa ngapi. Viazi hata nguruwe anachimba, Edelmira. Mimi nilikuita wewe."

"Nilikuwa na kazi."

"Eti kazi! Clementina alikuja na jino limemvimbisha shavu, limefika hapa."

"Nilitimiza wajibu wangu, Rudecinda!"

"Ulitimiza. Na sisi tutatimiza wetu. Tutakutumia mtu."

Nikatoka nikabamiza mlango. Mlango wa Rudecinda haufungi mpaka uuinue kidogo, kwa hiyo ilinibidi nirudi kuufunga upya, naye alikuwa ameshamimina kikombe cha pili, kisebusebu na kiroho papo. Nimeinywa ile chai nimesimama. Nimekasirika, nimeona aibu, na katikati ya vyote viwili nimeogopa kwelikweli. Bila watu hawa nyumba itakwenda na maji, na shangazi yangu ndani.

9 Februari

Nimejaribu kuandika. Benilde anamwogesha Custodia, kama kawaida. Kwa mara ya kwanza nimejiuliza Custodia anaona nini akiutazama uso ule ulioinama juu yake kila siku. Miaka ishirini anaogeshwa na mtu ambaye kwa kweli hayupo. Nimefunga daftari.

11 Februari

Kipande cha uzio kimeporomoka na kamba ya nguo. Chupi mbili za shangazi zimeelekea bara. Amesema anazitakia safari njema.

13 Februari

Leo nimekwenda kuchimba kwa mzee Baldomero bila kuitwa. Hakuna aliyeshangaa, au walijifanya hamnazo. Clementina alinipa jembe fupi na tuta la pembeni, ambako hata nikikata viazi hasara itakuwa ndogo. Kufika saa nne kiuno kilikuwa si changu tena.

Wakaanza. Kwanza ndugu wa Barría, kwamba nashika jembe kama kalamu. Kisha wakataka kujua habari za hao wazee wangu wa Ulaya. Majira ya baridi yaliyopita, redio ya kisiwa ilisoma riwaya yangu ya kwanza usiku baada ya usiku, na wote waliisikia.

"Yule Mwingereza alikuwa na majirani?" akauliza Barría mkubwa.

"Alikuwa na vita. Aliishi zama za vita."

"Pole yake. Ndiyo maana."

"Na huyu wa sasa, Mjerumani?" akauliza mzee Baldomero. "Anasema nini?"

Nikanyoosha mgongo, nikamweleza. Kwamba ukifanya jema kwa sababu linakufurahisha, vizuri, lakini hapo bado hatujui kama wewe ni mtu mwema au umefurahi tu. Ukilifanya hutaki, umechoka, moyo mzito, na bado ukalifanya kwa kuwa ni haki, hapo ndipo thamani yake inapoonekana.

Mzee alinitazama, jasho linanitoka mpaka kwenye nyusi, tope mpaka magotini.

"Basi leo wewe ni mtakatifu, mwalimu, maana hutaki kabisa."

Shamba zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, nikakaa chini kwenye tuta. Walipotulia nikamuuliza, "Na Ermelindo, mzee? Nasikia kila mwaka unakwenda kumchimbia viazi."

"Nakwenda."

"Unampenda?"

"Mimi? Yule alimpiga mbwa wangu kwa jiwe. Simpendi hata nikiwa nimelala."

"Unafuata nini kwake?"

Alichukua jembe lake akaendelea kuchimba. Wakati tunakula mikate ya viazi vya kukuna na mafuta ya nguruwe, alinisogelea akasema polepole, kana kwamba ananung'unikia bakuli, "Peke yake hawezi kumaliza. Basi ni hivyo tu." Nikamwambia kwamba Mjerumani aliandika vitabu vizima kusema hivyo hivyo. Akasema ni kwa sababu hakuwa na viazi vya kuchimba.

Nimerudi na fungu langu la viazi. Shangazi amevihesabu kwa macho akatikisa kichwa kwa kuridhika.

14 Februari

Siwezi kuinama. Siwezi kuinuka. Naandika nimelala.

17 Februari

Kwa Clementina. Jua zuri. Nimepewa tuta la katikati.

20 Februari

Kwa Ermelindo bondeni. Tulikuwa wawili, mzee Baldomero na mimi. Nilikwenda kwa sababu sikuona jinsi ya kutokwenda baada ya maneno yangu yale. Ermelindo alitupokea kwa kusema tumechelewa. Chakula kilikuwa viazi vya kuchemsha na chumvi, na chumvi yenyewe aliiondoa mezani haraka. Hakuniambia asante. Alikaa muda mrefu akinikagua jinsi ninavyochimba, kisha akasema, "Unavikata."

Nilipokuwa natembea kurudi nilitambua kwamba kwa saa nane nimeishi kama Benilde. Nilitenda jema na sikulipenda. Na nimegundua jambo ambalo miaka yote ya kufundisha sikulijua: wajibu hauko mtupu ndani. Nilikuwa nimejaa. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na njaa, nilikuwa namtafutia Ermelindo majina, na mara moja, alipoinama kuokota kiazi akashika kiuno vile vile ninavyoshika mimi, nilimwonea huruma. Benilde wangu hana hata kimoja katika hivyo. Loreto amesema kweli. Mjerumani hana kosa, mimi ndiye niliyechukua wazo nikalivisha gauni nikaliita mwanamke.

Sitamwambia Loreto kwamba amesema kweli. Ana kiburi cha kutosha.

22 Februari

Nimetupa sura saba. Nimelala usingizi mzito.

3 Machi

Mzee Baldomero amekuja kupima njia. Ametembea kutoka gengeni mpaka kiwanja cha juu, akapiga ardhi kwa kisigino, akasikiliza. Shida iko penye mteremko chini ya kwa Rudecinda, ambako maji hutuama. Amesema tarehe kumi na nne, isipite hapo.

"Watakuja?" nikamuuliza.

"Tutaona."

Nimewauliza wengine kwa kupitia kando. "Tutaona, mwalimu." "Tutaona." Shangazi amesema *tutaona* ni jibu zuri zaidi kuliko lile la mwanzo. Natamani ningekuwa na imani yake. Nikasema basi siku hiyo yeye atakaa kwa Rudecinda, alindwe na baridi.

"Mimi nitakaa jikoni kwangu," akasema. "Nyumba ikisafiri mimi nasafiri. Miaka yote hii sijapanda hata boti kubwa."

8 Machi

Ukurasa kila siku. Benilde amemkaripia Custodia kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Custodia amefurahi mno.

13 Machi

Nyumba imeinuliwa kutoka kwenye visiki vyake, imekaa juu ya magogo mawili marefu yaliyochongwa ncha kwa mbele. Vioo vimetolewa, bomba la jiko limeng'olewa. Upepo unapita humu ndani utakavyo. Kome tayari, nyama tayari, mawe ya kuranto, chakula chetu kinachoivishwa ardhini juu ya mawe ya moto, yamepangwa karibu na shimo. Nimepika kwa ajili ya kijiji kizima. Kama hawatakuja tutakula mpaka Krismasi, iwapo genge litaturuhusu.

14 Machi

Nimeamka nikakuta uwanja mtupu. Ukungu, ng'ombe mmoja analia mbali, basi. Nimesimama pale nikiwa na aproni, nimejihisi mjinga, nimeanza kupanga maneno ya kumwambia shangazi.

Kisha Rudecinda akatokea amebeba sufuria kichwani. Nyuma yake Clementina. Nyuma yake ndugu wa Barría na maksai wao, na nyuma yao pembe, nira, minyororo, akodioni, watu. Mzee Baldomero alikuja wa mwisho katika kundi lile, fimbo yake ndefu begani, shati jeupe la Jumapili. Alisimama mbele yangu.

"Mwalimu, niliahidi kutuma mtu." Akajipiga kifuani. "Sikupata mwingine."

"Na mimi nimetumwa!" akapaza Barría mdogo.

"Nimetumwa na mume wangu marehemu," akasema Clementina, "maana mwingine sina."

Walicheka, na mimi nililia mbele yao wote, kwa sauti, kama mtoto. Rudecinda alinipa ncha ya kitambaa chake nikajifuta. Akasema nikilia ndani ya kome hataongeza chumvi.

Maksai walifungwa safu mbili. Mzee alipiga kelele moja, watu wakasukuma kwa nyuma, na nyumba ya babu yangu ikatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, mlio wa mbao zote pamoja, ikaanza kutembea. Nimeona mlango wetu ukipita mbele ya mti wa tufaha. Nimemwona shangazi dirishani, shali mabegani, akiwapungia mkono watu anaowaona kila siku.

Mpaka kwenye mteremko mambo yalikuwa sawa. Hapo mvua ikaanza, ile nyembamba inayoingia mpaka kwenye mifupa, na gogo la kushoto likazama. Maksai wa mbele walipiga magoti. Nyumba iliegemea upande, ikarudi nyuma kidogo kuelekea tulikotoka, na ndani kukasikika vyombo vinavunjika.

"Nani kavunja bakuli langu?" shangazi akapaza sauti.

"Toka nje, mama Tránsito!" mzee Baldomero akamjibu.

"Toka wewe!"

Walivuta mara ya pili. Mnyororo uliimba, nyumba haikusogea. Mara ya tatu gogo lilizidi kuzama, na niliona uso wa mzee ukibadilika. Alisema, si kwa kelele, "Nguvu haitoshi. Tunahitaji jozi nyingine." Tukatazamana. Jozi zote za Pilhue zilikuwa pale, miguu ndani ya tope. Nilitaka kukimbilia dirishani nimburute shangazi nje kwa nywele kama ikibidi. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Ndipo Ermelindo alipotokea kutoka bondeni, na maksai wake wekundu, wakubwa kuliko wa mtu yeyote, maana huwalisha kuliko anavyojilisha. Hakusalimia mtu. Sikuwa nimemwomba. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

"Nifunge wapi?" akauliza.

Mzee Baldomero alimsogelea, akamwonyesha kwa fimbo, akamsaidia yeye mwenyewe kufunga mnyororo. Kisha akapiga kelele, na safari hii kila aliyekuwa na bega aliliweka kwenye mbao, hata mwenye akodioni, hata mimi. Nilisukuma ukuta wa jikoni kwetu, shavu langu kwenye vigae vya mbao vinavyoufunika, na upande wa pili wa mbao nilimsikia shangazi akituhesabia. Nyumba ilitoka kwenye tope kwa kishindo, ikapanda.

Ilipokaa mahali pake, maksai wakafunguliwa. Mzee Baldomero alivua kofia, akafuta mabuti yake kwenye nyasi, akabisha.

"Hodi!"

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Shangazi alikuwa amechana nywele.

"Karibuni," akasema. "Mmelowa. Mmetoka mbali?"

15 Machi

Tulikula hadi kuranto ikaisha. Nilimtafuta Ermelindo nimshukuru, nikamkuta pembeni anakula kwa bidii, bakuli lake la tatu.

"Ulikuja kwangu," akasema kabla sijafungua mdomo, na akaendelea kula.

Ningemwambia nini? Kwamba nilikwenda kwake simpendi? Yeye naye sijui kama ananipenda, nadhani hanipendi. Alikuja. Nimelala nalifikiria hilo, nimeamka nalifikiria, na bado halinichoshi.

Mzee Baldomero ameniuliza kama sasa nitamfukuza Mjerumani kwenye kitabu. Nikamwambia hapana.

"Vizuri. Abaki, ana maneno ya maana," akasema. "Ila mpe jembe."

21 Machi

Vioo vimerudishwa. Jiko linawaka. Dirisha la shangazi sasa linatazama kwa Rudecinda na siyo bahari. Anasema kuna mambo mengi zaidi ya kuona.

28 Machi

Loreto amesoma sura mpya. Ameniuliza ni mwanafalsafa gani huyu wa sasa, hamtambui. Nimemwambia ni yule yule. Hakuamini. Anataka sura ya mwisho, nami sina. Najua Benilde lazima aseme neno moja, ila sijui ni neno gani.

4 Aprili

Mvua zenyewe zimefika. Mahali jiko letu lilipokuwa pamekwenda na maji juzi. Nilikwenda kupaangalia, nikarudi haraka.

Leo mchana mvua ilipopungua nilivaa mabuti nikaenda kwa Rudecinda. Sikuwa na jambo. Hapakuwa na viazi vya kuchimba wala chombo cha kurudisha. Alifungua mlango kwa kuuinua kidogo, akanitazama mikono mitupu.

"Kuna nini? Shangazi anaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Baada ya nyumba yangu ni kinamasi."

Alicheka, akaweka maji jikoni, tukakaa mpaka giza likaanza kuingia, tukisema habari za goti lake.

Nimerudi mbio nikaandika bila kuvua mabuti. Ni alasiri, kazi ya asubuhi imeshafanyika, Custodia ameogeshwa na amelishwa, hakuna wajibu wowote uliobaki. Benilde anarudi tena, hana dawa wala chakula mkononi. Custodia anamuuliza amefuata nini. Kwa miaka ishirini Benilde amejibu swali hilo kwa neno moja, wajibu. Leo anasema, "Nilikuwa napita." Njia ile inaishia mlangoni kwa Custodia, haiendi kokote, na wote wawili wanajua. Custodia anamwambia asogeze kiti. Benilde anakaa.